Ninajua kusuka tayari: je, nina haja ya kwenda chuo cha ususi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 22, ninaishi Morogoro na nilimaliza kidato cha nne bila kupata alama za kuendelea. Nimeanza kusuka nikiwa darasa la tano, na sasa nina miaka miwili katika saluni ya shangazi yangu, ambako ninasuka rasta, mabutu na twende kilioni, ninashonea na ninaweka dawa. Nataka kwenda chuo cha ufundi stadi nisomee ususi na urembo. Mama anasema hajawahi kuona mtu analipa ada ili afundishwe kusuka, na shangazi anasema nikiondoka wateja wangu hawatarudi. Je, chuo kitaniongezea nini ambacho sikijui? Na nikiamua kwenda, nitajuaje chuo kizuri?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye maneno ambayo nadhani wewe mwenyewe uliyapita haraka: unasuka, unashonea na unaweka dawa. Umeyataja kwa pumzi moja, kana kwamba ni kazi za aina moja zinazotofautiana kwa muda tu. Karibu kila ninachotaka kukuambia kinatokana na maneno hayo, kwa hiyo uniwie radhi nikikaa hapo kwa muda mrefu kuliko kwenye masuala ya ada na vyeti.

Nianze na mama yako, kwa sababu hajakosea sana. Kusuka kwetu ni ufundi wa mkekani. Mtoto wa kike anakalishwa katikati ya magoti ya dada yake, anasukwa mabutu ya shule huku akinung'unika, na kabla hajamaliza shule ya msingi naye ana mdogo wake wa kumkalisha. Hakuna chuo kitakachokupa mkono mwepesi kuliko ule unaopatikana kwa miaka kumi ya namna hiyo. Waangalie vijana wa Kimasai wanaosuka Dar es Salaam na Zanzibar: kwao morani husukana nywele ndefu tangu zamani, wakaja mjini na mkono huo, na leo kuna wanawake wanaovuka mitaa kadhaa kumfuata Mmasai anayejua kugawa mistari iliyonyooka na kubana rasta isiyofumuka. Wengi wao hawana cheti na hawakukihitaji kwa kazi hiyo. Ukiniuliza kama ulipe ada ili ufundishwe twende kilioni, nitakujibu kama mama yako.

Ila dawa ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo mimi mwenyewe nilipofundishwa kwa njia mbaya.

Miaka mingi iliyopita, kabla sijakaa darasani, nilikuwa msaidizi katika saluni moja ndogo yenye viti viwili na beseni moja. Ilikuwa Jumamosi ya kuelekea Idi, foleni imefika barazani. Nilimpaka dawa mama mmoja mwenye nywele nyingi na nzuri, kisha nikaitwa kusaidia kumaliza kichwa cha bibi harusi aliyekuwa amechelewa. Nilimwacha kwa muda ambao mpaka leo siujui, kwa sababu ukutani hapakuwa na saa na hakuna aliyenifundisha kuitazama. Aliniambia inawasha. Nikamjibu neno nililokuwa nimelisikia kwa wakubwa zangu: "Vumilia kidogo mama, ndiyo inashika." Alivumilia. Nilipomwinamisha kwenye beseni, niliona nyuma ya sikio la kushoto ngozi imekuwa nyeupe na laini kama ya mtu aliyekaa majini siku nzima, na nilipopitisha chanuo, nywele za kisogoni zilikuja nalo. Nilimwosha kwa sabuni ya kawaida iliyokuwa karibu. Hakunitukana. Alifunga kilemba, akalipa, na hakurudi tena. Yule mama ndiye aliyenipeleka chuoni.

Nilichokuja kukielewa baadaye darasani ni hiki. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na kinachoupa umbo lake, uwe wa kipilipili au ulionyooka, ni pamoja na vifungo imara vya salfa vinavyoshikanisha nyuzi za protini hiyo. Dawa ya kulainisha nywele huvunja vifungo hivyo. Ili ivivunje, inabidi iwe na ualkali mkali. Nywele zikiwa katika hali yake ya kawaida huwa na pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali, ya kati ya 4.5 na 5.5, ilhali dawa nyingi hufika 12 hadi 13 na zaidi. Kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi, maana yake kutoka 5 hadi 13 ni tofauti ya mara milioni 100. Kiungo cha dawa nyingi za saluni ni sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki ileile ambayo watengenezaji wa sabuni huivalia glavu. Ukiliweka hilo akilini, hutamwambia mteja avumilie. Kuwashwa si dalili ya dawa kushika; ni ngozi inayoanza kuungua, na wakati huo dawa inatakiwa itolewe, hata kama nywele hazijanyooka.

Kutokana na hilo unaelewa sababu za mambo ambayo saluni nyingi huyafanya kwa mazoea au huyaacha kwa haraka. Mteja haoshwi kichwa siku ya kuweka dawa wala hakunwi kwa kitana, kwa sababu mafuta ya asili ya ngozi ndiyo kinga yake ya kwanza na mkwaruzo mdogo usioonekana ni mlango wa kidonda. Mafuta ya mgando hupakwa kuzunguka paji la uso, masikioni na kisogoni kabla kopo halijafunguliwa. Unapofanya retachi, dawa inapakwa kwenye ukuaji mpya peke yake. Nywele huota takriban sentimita moja kwa mwezi, hivyo baada ya wiki nane unashughulika na sehemu ya karibu sentimita mbili tu, na ukishuka chini zaidi unapika mara ya pili kitu kilichokwisha kuiva, nako ndiko kukatika kwa katikati ambako wateja hudhani ni kurogwa. Dakika unazipata kwenye maelezo ya kopo, na unazihesabu kwa saa tangu ulipoanza kupaka. Kisha yanafuata maji ya uvuguvugu kwa muda mrefu, halafu shampuu maalumu ya kuzima dawa, ambayo kwa kampuni nyingi hutoa povu la waridi pale ambapo ualkali bado upo. Povu likiwa na rangi, unaosha tena, na hukomi mpaka litoke jeupe. Siku ya kwanza mwalimu wangu aliponionyesha povu lile la waridi likichuruzika kutoka kwenye kichwa ambacho mimi niliapa kwamba nimekiosha vizuri, nilitoka nje nikalia.

Kuna na dawa ile inayoandikwa kwamba haina kostiki. Wateja wengi huiomba wakiamini haina madhara. Hiyo nayo hutumia alkali ya aina nyingine, mara nyingi kwa kuchanganya kopo la krimu ya kalsiamu na kichupa cha majimaji, na nguvu yake haiko mbali na ile ya kwanza. Inaweza kuwa na nafuu kidogo kwenye ngozi, lakini huacha chembe za kalsiamu zinazozifanya nywele kuwa kavu. Aidha, kalikiti, ile dawa ya kuweka mawimbi, hutumia kemikali ya jamii tofauti kabisa, na kichwa kilichowekwa dawa ya kulainisha hakitakiwi kuwekewa kalikiti, wala cha kalikiti kuwekewa dawa ya kulainisha, mpaka nywele zile zikatwe zote. Zikikutana, unywele hukatika kama uzi mbovu. Hili halionekani kwa macho. Mteja anakuja na nywele laini, anataka mawimbi, na msusi asiyeuliza "mara ya mwisho uliweka nini?" anagundua kosa kwenye beseni.

Rangi nayo ina somo lake. Sisi wa ukanda huu tunaijua piko, ile nyeusi inayopakwa nywele za wazee na, kwa bahati mbaya, mikono ya maharusi na ya watalii wanaotaka maua meusi yanayokolea haraka kuliko hina. Kiini chake ni kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo imo pia katika rangi nyingi za kudumu za dukani. Mtu anaweza kuipaka mara tano asipate neno, na mara ya sita uso ukavimba hadi macho yakafunga, kwa sababu mwili umeshajifunza kuikataa. Kwa hiyo chuoni utafundishwa kupaka tone dogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, saa 48 kabla ya kazi, na kumrudisha mteja nyumbani akiwa hajapakwa chochote kingine siku hiyo. Najua inauma kumrudisha mteja mwenye pesa mkononi. Nakuomba ujizoeze maumivu hayo mapema.

Sehemu ya tatu ni ngozi, na hapa ndipo hata kusuka kwenyewe kunapohitaji shule. Umewahi kusikia wanawake wakicheka kwamba baada ya kusukwa mtu humeza Panadol. Ni mazoea yaliyotuganda, lakini rasta inayomfanya mtu ashindwe kulala inavuta mizizi ya nywele kila saa ya siku kwa wiki kadhaa. Dalili za kwanza ni vipele vidogo kwenye mstari wa paji na juu ya masikio. Katika hatua hiyo nywele zikilegezwa huota tena. Mtindo uleule ukirudiwa kwa miaka, mizizi hufa na kuacha kovu, na ule upara wa pembeni unaouona kwa mama wa makamo hautibiwi na mafuta ya aina yoyote. Msusi aliyesoma anajua kuacha nywele changa za mbele nje ya msuko, kupunguza uzito wa rasta kwa mtu mwenye nywele nyembamba, na kutomsuka mtu ambaye ametoka kuwekewa dawa juzi.

Utajifunza pia kutofautisha mba na mapunye. Mba husumbua lakini hauambukizwi kwa kitana. Mapunye ni fangasi walioingia ndani ya mzizi wa unywele, hasa kwa watoto, huacha mabaka ya mviringo yenye nywele zilizokatika, na kwa kawaida huhitaji dawa ya kumeza kutoka hospitali, kwa kuwa ya kupaka peke yake haifiki waliko. Mtoto huyo haumsuki, na kitana kilichomgusa hakimgusi mwingine kabla hakijaoshwa kwa sabuni na kulowekwa. Jik yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji, na vitana vya plastiki hukaa humo dakika 10 kisha husuuzwa. Mikasi na meno ya mashine ya kunyolea hayaingii kwenye Jik kwa sababu yatashika kutu. Hayo yanafutwa kwa spiriti ya asilimia 70. Wembe ni wa mtu mmoja na unaishia kwenye kopo gumu lenye mfuniko. Mambo haya hayazidi ukurasa mmoja wa daftari, na bado nimeingia saluni nyingi za kupendeza, zenye vioo vya ukuta mzima na taa za rangi, ambako kitana kimoja kinazunguka vichwa kumi na vitano kwa siku.

Nimeeleza kwa urefu ili uone kwamba swali lako la kwanza lina majibu mawili. Kwa kusuka, chuo kitakuongezea kidogo. Kwa kemikali, rangi, ngozi, usafi na kwa ujasiri wa kukataa kazi, chuo kitakupa kile ambacho saluni ya shangazi haiwezi kukupa, kwa kuwa shangazi naye alifundishwa na mtu ambaye hakufundishwa. Simdharau, mimi nimetoka mikononi mwa watu kama yeye, na uhodari wa kuongea na mteja aliyekasirika niliupata kwao.

Ukiulizia mfumo wenyewe, hapa Tanzania ufundi stadi umewekewa msingi na sheria ya mwaka 1994 iliyoanzisha VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, na vyeti vinavyotolewa ni vya NVA, yaani tuzo ya taifa ya ufundi stadi, ngazi ya 1, ya 2 na ya 3. Mitaala ni ya umahiri, maana yake unapimwa kwa unachoweza kukifanya mbele ya mtahini, na nadharia inakuja kuunga mkono vitendo. Mbali na ususi utasoma urembo wa ngozi na kucha, huduma kwa mteja, ujasiriamali, hesabu kidogo na Kiingereza cha kazi, kisha utapelekwa kwenye saluni kwa mafunzo ya kazini. Alama zako za kidato cha nne zisikutie aibu. Milango ya ufundi stadi iko wazi hata kwa waliomaliza darasa la saba, na wewe utaingia ukiwa na mkono ambao wenzako wengi hawana. Masomo ya kozi ndefu kwa kawaida huanza Januari, kwa hiyo tangazo la maombi litafute mapema katika nusu ya pili ya mwaka. Katika vyuo vya VETA vya serikali ada ya kozi ndefu kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa kutwa na 120,000 kwa bweni, ila gharama inayowashtua wazazi huwa ni ya vifaa: kichwa cha bandia, seti ya vitana, rola, pasi ya nywele, sare, dawa na rangi za mazoezi. Omba mchanganuo wote kwa maandishi kabla hujalipa senti, na kwa vyuo binafsi usikubali kuambiwa "vitu vingine utaelezwa ukifika". Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi navyo vinafundisha fani nyingi za ufundi, na vingine huwapokea akina mama wenye watoto wachanga, jambo ambalo nalitaja kwa ajili ya wasomaji wengine zaidi kuliko wewe.

Ipo njia nyingine ambayo huenda shangazi atakushauri, nayo ni urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Fundi ambaye amejifunza mtaani hutathminiwa akiwa kazini, huzibiwa mapengo kwa mafunzo mafupi na hupewa cheti. Ni utaratibu wa haki na nimefurahi kuona mafundi wa makamo wakishika cheti chao cha kwanza maishani. Kwa shangazi yako ndiyo njia ninayoipendekeza. Kwako wewe mwenye miaka 22 na ambaye bado hujaota mizizi ya mazoea mabaya, ninaona ni hasara kupata karatasi inayothibitisha unachokijua huku pengo kubwa la kemikali likizibwa kwa siku chache. Nenda ukakae darasani, walau kwa NVA ngazi ya 1 na ya 2.

Kuhusu kuchagua chuo, hakikisha kwanza kwamba kimesajiliwa na NACTVET, lile baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi na ufundi stadi, na kwamba fani ya ususi imo katika usajili huo, kwani kuna vyuo vilivyosajiliwa kwa ushonaji au kompyuta vikaongeza ususi kimyakimya. Baada ya hapo usisome vipeperushi. Nenda mwenyewe siku ya kazi, saa nne asubuhi, wakati karakana inatakiwa iwe imechangamka. Hesabu mabeseni ya kuoshea na uulize wanafunzi wangapi wanayatumia. Fungua bomba uone kama maji yanatoka, na kama kuna hita. Angalia kama draya zinawaka au zimekuwa za kuanikia taulo. Uliza ni vichwa vingapi vya watu halisi ambavyo mwanafunzi hushika kabla hajahitimu, kwa sababu kichwa cha bandia hakitoki jasho, hakisemi inawasha na hakina mba. Vyuo vizuri huwa na saluni ya mafunzo ambamo watu wa jirani huhudumiwa kwa bei ndogo na wanafunzi wakiwa chini ya macho ya mwalimu. Halafu muombe mwalimu mmoja akueleze shampuu ya kuzima dawa inafanya nini. Asipojua, au akikujibu kwamba ni ya kuleta harufu nzuri, mshukuru na uondoke. Kwangu mimi jibu hilo lina uzito kuliko majengo.

Sasa wateja. Hofu ya shangazi ina ukweli, kwani mteja wa rasta humfuata aliye karibu. Lakini tufanye hesabu pamoja, kwa bei za mfano tu ambazo utazibadilisha kulingana na mtaa wenu. Tuseme mteja wa rasta analipa 35,000 pamoja na rasta zenyewe. Pakiti 5 za 3,000 ni 15,000; umeme, mafuta na sehemu ya pango ni 4,000; unabaki na 16,000 kwa kukaa saa 6, yaani chini kidogo ya 2,700 kwa saa. Tuseme mwingine anaweka dawa kwa 15,000, na dawa, shampuu na gharama nyingine zinakula 6,000. Unabaki na 9,000 kwa saa moja na nusu, sawa na 6,000 kwa saa. Msusi wa rasta anauza mgongo na vidole vyake, navyo vina kikomo. Wapo wenzangu ambao leo, wakiwa na umri wa miaka arobaini na kitu, viganja vyao havikunji vizuri asubuhi. Kazi ya kemikali, rangi na matibabu ya nywele inalipa zaidi kwa saa kwa kuwa inauza unachokijua, na ndiyo maana ni hatari kuiuza kabla hujakijua. Ukisoma kwa kutwa, Jumamosi na Jumapili unaweza kubaki na wateja wako wa rasta kwa shangazi, na fedha hiyo ndiyo itakayonunua vifaa. Ukihitimu ukataka kusimama mwenyewe, ulizia katika halmashauri yenu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Hutolewa kwa vikundi, kwa hiyo wanafunzi wenzako wanne au watano mnaoaminiana ni mtaji kabla ya mtaji.

Neno moja kuhusu urembo wa ngozi, kwa sababu utakutana nalo mapema: utaombwa mkorogo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Mteja atakwambia saluni ya jirani wanachanganya. Mwache aende kwa jirani.

Mama yako usibishane naye kwa maneno. Siku moja mteja anapokuja kuwekewa dawa, mwombe mama aje akae kwenye benchi, naye ahesabu kwa saa yake dakika kati ya wewe kuanza kupaka na kuanza kuosha, kisha akusomee dakika zilizoandikwa kwenye kopo. Nadhani atakuwa na mengi ya kusema jioni.

Na kuanzia kesho, kabla ya chuo chochote, nunua daftari la kurasa 100. Kila kichwa unachokigusa kwa kemikali kiandikie mistari minne: tarehe, dawa au rangi uliyotumia na nguvu yake, dakika ulizoiacha, na mteja alisema nini wakati iko kichwani na wiki mbili baadaye. Andika na yale uliyokosea. Ukifika chuoni Januari, mpe mwalimu wako daftari hilo wiki ya kwanza, akae nalo usiku mmoja. Mimi nimewahi kupokea daftari moja tu la namna hiyo katika miaka yangu yote ya kufundisha, na mwanafunzi yule nilimkalisha karibu na beseni tangu siku iliyofuata.